Huyu Dada Hajachezea Bahati, Mwacheni Apange Masta Yake

Wiki hii inboksi yangu imejaa skrini shoti za posti moja tu, na karibu kila aliyenitumia anataka niandike kwamba huyu dada amechanganyikiwa. Sasa naandika, ila sitaandika hivyo.

Wengi mnamjua. Ni yule nesi wetu wa video fupi, yule wa gambuti zenye tope, anayechanganya Kiswahili na Kiiraqw na maneno mawili matatu ya Kimasai mpaka bibi zetu wasio na simu wanaomba wafunguliwe "yule mtoto wa sindano". Ni mtu wa Karatu, kazi anafanya upande wa Ngorongoro kwenye kituo kimoja cha afya. Jina lake silitaji na kituo sikitaji. Anayemjua anamjua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna wazee wawili wa Kimarekani walikuja kutalii, wakafikia lodge ambayo ndugu yake ni mpishi, wakaziona zile video, wakampenda. Wamarekani wakipenda hawachelewi. Wakamtafutia chuo kwao, masta ya afya ya jamii, barua ya kukubaliwa ikaja. Yeye akawajibu kwa heshima zote: asanteni sana wazee wangu, lakini si mwaka huu. Halafu akaposti kwamba anaendelea na kazi, masta itakuja na wakati wake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kuanzia stendi mpaka Njia Panda watu wanamjadili. Amechezea bahati. Amelogwa. Kuna mwanaume anamzuia. Mwingine ameandika kwamba watu wa huku kwetu tumezoea kulima ngano na vitunguu, tukiona ndege tunaogopa. Hiyo ya mwisho ilinichekesha, nakubali, lakini hata aliyeandika hajui barua ilisemaje.

Mimi naijua, kwa sababu dada mwenyewe kanionyesha na kaniruhusu niandike bila jina.

Wazee wale wanalipa ada ya mwaka wa kwanza. Basi. Kozi ni miaka miwili. Chumba, chakula, bima ya afya ambayo mwanafunzi kule hakwepi, nauli, makoti ya baridi, vyote atajua huko huko. Na mwaka wa pili je? Barua inasema kwa Kiingereza kizuri sana kwamba wataangalia. Sasa jamani, masta ya afya ya jamii kwenye vyuo vikubwa vya Marekani, ukijumlisha ada na kuishi, inapita dola 50,000 kwa mwaka mmoja. Hiyo siyo hela ya kuuza ng'ombe wawili. Hiyo hata ukiuza mnada mzima wa Karatu unaweza usifike.

Najua mtakachosema, atabeba boksi. Watu wanapenda sana hili neno na hawajawahi kuuliza sheria. Viza ya mwanafunzi Marekani inamruhusu kufanya kazi za hapo hapo chuoni, zisizozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Ukitoka nje ya hapo umevunja masharti, ukikamatwa unarudi bila masta na bila jina. Huyu ni mtumishi wa serikali na ana mtoto wa miaka mitatu. Nyie mnamshauri akajilipue kwa sababu ninyi mngepata picha nzuri ya kuangalia.

Halafu kuna suala la kazi, na hapa wengi wetu tuliojiajiri hatuelewi. Mtumishi mpya wa serikali anakaa kwanza miezi 12 ya majaribio ndipo anathibitishwa. Yeye kathibitishwa juzi juzi. Kwenda masomoni kunataka ruhusa ya mwajiri, na ruhusa inataka jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Jina lake mwaka huu halimo. Ukipanda ndege bila ruhusa, kwenye faili lako haitaandikwa kwamba umekwenda kutafuta elimu. Itaandikwa utoro kazini, na utoro unafukuzisha kazi. Na deni la Bodi ya Mikopo alilosomea digrii ya kwanza bado lipo, kila mwezi linakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mshahara ukikata, deni halikati.

Kwa hiyo mezani kuna kazi ya kudumu na mtoto upande mmoja, na upande wa pili kuna mwaka mmoja wa ada na neno "tutaangalia". Ingekuwa ni mwanaume amesema subirini kidogo, mngesema jamaa ana hesabu.

Ila hizi za hela na ruhusa siyo sababu zake kubwa, na ndiyo maana nimeamua kuandika ndefu. Sababu yake kubwa ilinifanya nikae kimya kidogo, na mimi kukaa kimya si kawaida yangu.

Aliniambia hivi, kwa maneno yangu: masta ya udaktari wa macho unaisoma ili ujue jicho. Masta ya afya ya jamii unaisoma ili ujibu swali, na kama huna swali unarudi na kofia. Yeye swali analo nusu. Anataka likamilike kwanza.

Mimi chuo sijakanyaga, nimeishia sekondari, kwa hiyo nilimwambia anifafanulie kama anavyowafafanulia bibi kwenye video. Akanipa mfano wa kimeta. Ng'ombe anaanguka mwenyewe kwenye boma, anakufa. Watu wanakula kile kibudu. Siku chache baadaye mmoja anakuja kituoni na kidonda cheusi mkononi, mwingine tumbo. Unawapa dawa, wanapona, wanaondoka. Baada ya muda wanakuja wengine. Kimeta upande wa Ngorongoro siyo habari mpya, kipo kwa ng'ombe, kipo kwa wanyama wa porini, na kila mtumishi anajua cha kuwaambia watu: msile nyama ya mzoga. Bango lipo ukutani. Watu wanaliona na wanakula.

Sasa swali ni kwa nini wanakula na wamesikia. Ni njaa? Ni kwamba ng'ombe mmoja ni hela nyingi na kumzika ni kama kuzika noti? Nani anaamua pale bomani kwamba nyama iliwe, mzee au mama anayepika? Ukiwachanja ng'ombe ugonjwa unaisha, na kama ndiyo, nani analipa chanjo? Daktari anamtibu aliyekuja mlangoni. Mtu wa afya ya jamii anatoka nje ya mlango na kufuata nyayo mpaka alikotokea. Dada anasema kwa mwaka mmoja na kitu aliokaa kule ameanza tu kujua nani wa kumuuliza. Wale wamama mwanzoni walikuwa wanamjibu ndiyo ndiyo ili awaache. Sasa hivi ndiyo wanaanza kumwambia ukweli. Halafu aondoke?

Na mambo ya namna hii kwetu ni mengi. Homa ya Bonde la Ufa iliyotikisa nchi mwaka 2007 ikaua zaidi ya watu 100, wagonjwa wa kwanza walionekana Ngorongoro, kule Naiyobi. Meno ya kahawia ya sisi watoto wa mkoa wa Arusha ambayo tunataniwa nayo kila tukifika Dar, yanatoka kwenye floraidi iliyomo kwenye maji, na hata ukijaza madaktari wa meno kila mtaa hawamalizi, kwa sababu ugonjwa unachotwa kwa ndoo.

Na nani amesahau kikombe cha Babu? Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi. Magari yalikata kona Mto wa Mbu usiku na mchana, yanapanda kwenda Samunge, Loliondo, wilaya hii hii ya Ngorongoro, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Matajiri, maskini, wakubwa wa serikali, wote foleni moja. Wengine walitolewa hospitali wakiwa na dripu, wengine wakaacha dawa zao za kila siku, wapo waliofia kwenye foleni. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021 na mimi simsemi vibaya marehemu. Ninachosema, ile foleni ilikuwa ni swali kubwa la afya ya jamii: kwa nini mtu aamini kikombe kuliko hospitali iliyo karibu na kwake? Hilo swali mtu wa kulijibu vizuri ni yule aliyekaa na watu wenyewe, anayejua nauli ya kwenda hospitali ni kiasi gani na akifika atajibiwaje pale dirishani.

Haya, tuje kwenye "wapi", maana hapa ndipo watu wana dharau kweli. Kuna mtu aliandika kwamba akisoma Moshi si masta, ni semina ndefu. Mdau, punguza.

Masta ya afya ya jamii hapa nchini ipo. Ipo Muhimbili, chuo cha MUHAS pale Upanga, na wana njia mbili, ya kukaa darasani muda wote na nyingine imepangwa kwa ajili ya watu walioko kazini. Ipo KCMC Moshi, ambapo ukitaka kwenda upande wa takwimu na magonjwa ya mlipuko pia wanayo. Ipo Bugando Mwanza. Ukitaka kuvuka mpaka bila kupanda ndege, Makerere Kampala wana skuli ya afya ya jamii ya miaka mingi. Na kama unataka cheti cha London bila kuiona London, ile skuli yao kubwa ya magonjwa ya tropiki ina masta ya masafa, unasoma ukiwa kwako. Hiyo ya mwisho dada aliifikiria, ila kasema mtandao wa kule aliko ni wa kupanda kilimani na kunyoosha mkono, mtihani utaufanyia juu ya jiwe.

Na kwa wanaodhani jambo kubwa lazima litoke mbali, nawakumbusha Haydom. Haydom ni Mbulu hapo, majirani zetu kabisa, hospitali ya Walutheri. Kwa miaka mingi watu wa pale pamoja na wenzao wa Norway walikuwa wanahangaika na swali la kwa nini watoto wanakufa dakika za mwanzo baada ya kuzaliwa. Wakawa wanawapa wakunga mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, kwa mwanasesere na vifaa rahisi. Baadaye ikapelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, na mwaka 2025 matokeo yalichapishwa kwenye New England Journal of Medicine, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalisoma. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kwa kama asilimia 40, vya akina mama kama asilimia 75. Limetoka huku kwenye vumbi. Halikutoka Boston.

Sisemi nje ni kubaya. Kuna vitu kule huvipati hapa, maabara, maktaba, walimu wanaoandika vitabu ambavyo wewe unavitoa kopi. Na koneksheni, tusidanganyane. Ninachosema ni kwamba utafiti wa masta ni miezi michache tu. Ukiwa nje, kurudi kuja kukusanya majibu kwenye maboma ya Endulen ni nauli nyingine ambayo mfadhili hakuiandika. Wengi wanaishia kuchambua takwimu za mtu mwingine kwenye kompyuta, wanamaliza, wanarudi, na lile swali lililowapeleka liko pale pale linakula kibudu.

Sasa "lini". Hapa nina habari njema kwa dada na habari mbaya kwa waliomtukana. Ufadhili wa maana, ule unaolipa kila kitu, wenyewe unakutaka usubiri. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wameuweka kwenye saa kabisa, saa 2,800. Inalipa ada, nauli na kuishi, masta ya kule ni mwaka mmoja, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Wajerumani wa DAAD kwenye zile kozi zao za maendeleo nao wanataka miaka miwili ya kazi. Kwa hiyo ule muda ambao mnasema anaupoteza kule porini, ndiyo tiketi yenyewe anaikata taratibu.

Lakini dada na wewe usinisome nusu. Wajerumani hao hao kwa kawaida hawataki digrii yako ya mwisho iwe na zaidi ya miaka sita. Yaani mlango una bawaba pande zote mbili. Ukija mapema hujaiva, ukija umechelewa umeshapoa. Nimewaona watu, na hapa simsemi mtu mmoja, waliosema nasubiri kidogo nijenge kwanza, nasubiri mtoto aanze shule, nasubiri uchaguzi upite, leo wana miaka 45 na ile fomu bado iko kwenye droo. Kusubiri bila tarehe si mpango. Nilimuuliza ana tarehe? Anayo. Mwakani jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo, aombe Moshi, na Chevening ikifunguliwa mwezi wa 8 aombe pia. Kitakachokubali ndicho.

Kuhusu mtoto, Uingereza nako pana jambo la kujua. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haruhusiwi kwenda na mume wala watoto, ukitoa wachache kama wenye ufadhili wa serikali. Mama wa mtoto wa miaka mitatu anatakiwa alijue hilo kabla ya kujaza fomu, asilijue akiwa uwanja wa KIA na mtoto mgongoni.

Niwape na stori ya upande wa pili msije mkasema nimependelea. Kuna jamaa mmoja wa Arusha, mjini wanamjua, alikuwa mtu wa Land Cruiser nyeupe. Alikwenda nje kusoma masta hii hii mara tu alipomaliza digrii, kwa hela ya familia, shamba likauzwa. Alirudi akapata kazi kwenye mradi wa hela za Wamarekani, mshahara wa kushangaza, na kila mtu akasema mnaona? Kijana kathubutu. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada, Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Jamaa akarudisha funguo za gari. Hakufanya kosa lolote. Mradi ulikufa na masta yake haikuweza kuuzuia. Sasa hivi anaomba kazi halmashauri, na anapambana na vijana ambao hawana masta ila wana miaka mitano ya zahanati.

Mtasema si bora huyo ana masta? Ndiyo, ana masta. Na shamba la mzee wake halipo. Ninachokiona pale ni kwamba yeye alisoma kwa ajili ya kazi fulani, mwenye kazi akaondoka nayo. Angekuwa anajulikana kwa tatizo fulani, kwamba ukitaka mtu wa vikope au mtu wa maji muite huyu, angebaki na kitu mkononi hata mradi ukiondoka. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo somo kubwa la mwaka 2025 kwa mtu yeyote anayefikiria hii digrii, na tangu mwaka huo huo hata mambo ya viza za Marekani hayatabiriki kama zamani.

Na yule daktari staa wa Dar ambaye kila mwezi anarusha picha ya joho akiwa nje, mnamweka kama mfano kwenye komenti za dada, mimi sina neno naye. Kapendeza. Lakini nyie mmewahi kumsikia akizungumzia ugonjwa hata mmoja wa kijijini kwao? Mimi najua rangi za makoti yake yote.

Jambo la mwisho ambalo watu hawasemi ni mshahara. Dhana ni kwamba ukirudi na masta serikalini unapandishwa hapo hapo. Muulizeni afisa utumishi yeyote atacheka kwa adabu. Kubadilishiwa muundo kunataka nafasi iwepo kwenye ikama na hela iwe imetengwa kwenye bajeti. Unaweza kurudi na cheti chako ukakaa muda mrefu kwenye mshahara ule ule, kiti kile kile, na bosi ambaye ana digrii moja na hapendi uongee sana kwenye kikao. Kama ulikwenda kwa ajili ya mshahara utaumia. Kama ulikwenda na swali, angalau una la kufanya ukisubiri. Dada analijua hili, na ndiyo maana namuamini kuliko wanaompigia kelele.

Sasa nampinga kidogo, maana nikimsifia tu mtasema kanilipa. Anataka Moshi kwa sababu ni karibu. Kutoka Karatu mpaka Arusha ni kama kilomita 140, Arusha mpaka Moshi kama 80, asubuhi umepanda basi mchana umefika, mtoto anabaki kwa bibi yake na wikiendi anamuona. Chuo ni kizuri, sina ubishi. Lakini karibu kwenyewe ndiyo mtego. Ukiwa Moshi, kila msiba wa Karatu ni wako. Kila kipaimara ni chako. Shangazi akiumwa wewe ndiye nesi, unaitwa, na simu ya nyumbani huwezi kuikatia kwa kusema niko mbali. Mwanaume akisoma wanasema baba anasoma msimsumbue. Mwanamke akisoma ni kwamba yupo tu hapo Moshi. Mimi ningekuwa yeye ningeenda Upanga, mwaka mmoja wa joto na foleni, simu imezimwa usiku, halafu ule muda wa utafiti ndiyo nirudi Ngorongoro. Mtoto atalia wiki mbili za kwanza, mama pia atalia. Kwenye hili tumebishana kwenye simu mpaka salio likaisha, na hakukubali. Anasema mimi sina mtoto kwa hiyo najua nini. Pointi yake hiyo nimeshindwa kuijibu.

Na wale wazee wa Kimarekani, kwa taarifa yenu, hawajakasirika. Walimjibu wakamuuliza ada ya Moshi ni kiasi gani. Alipowatajia wakadhani ni ya mwezi mmoja.

Wadau mliosoma hii kitu, iwe Moshi, Dar, Mwanza, Kampala au majuu, andikeni hapo chini mlilipiwa na nani, mlikwenda mkiwa na miaka mingapi kazini, na mliporudi mlikuta nini. Yeye atasoma komenti zote, kaniambia. Wa kutukana endeleeni tu, nafuta. Na atakayetaja jina lake au la kituo namfungia kabisa, hata awe rafiki yangu.